Jiko la Udi Ndani ya Gari-Nyumba

Zainab alikuwa na mke mwenza. Mke mwenza huyo alikuwa na magurudumu manne, madirisha sita, na mlango uliopiga kelele kila ulipofunguliwa.

Usicheke. Muulize mwanamke yeyote ambaye mumewe amepata gari. Mohdhar, mume wa Zainab, aliuza nguo katikati ya mji wa Nairobi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikwenda uani kulisalimu gari lake. Alilifuta vumbi na kuzungumza nalo. Mvua ikinyesha, alilifunika turubai. Siku moja Zainab alimuuliza, "Na mimi je? Mbona mimi hunifuniki?"

Halikuwa gari la kawaida. Lilikuwa gari-nyumba. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, meza ya kukunja, makabati, na jiko dogo la chuma la kuni, lililofungwa sakafuni kwa misumari mikubwa. Lilitengenezwa Uingereza miaka ishirini nyuma. Mzungu mmoja wa mtaa wa Karen alitembea nalo nchi nzima, kisha akarudi kwao akaliacha. Mohdhar alilichukua mwaka 1971. Mwaka mzima alikuwa akilipaka rangi, akilishonea mapazia na kuliziba matundu.

"Likizo ya Agosti tutalala humo," alisema mezani. "Tutakwenda Kinoo kwa Jamleck. Ana uwanja mzuri penye miti ya miwati. Waridi ataona ng'ombe."

Waridi, binti yao wa miaka minane, aliruka juu kwa furaha. Zainab hakuruka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikuwa na wasiwasi mmoja tu. Wasiwasi huo ulikuwa umeketi mbele yake, umejifunga leso tatu na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Ni mama yake, Bi Mgeni. Alikuja kwa treni kutoka Mombasa ili awe na binti yake mpaka ajifungue, kisha amlee kwa siku arobaini kama desturi yao. Waridi alipozaliwa, Bi Mgeni alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja. Zainab alijifungua peke yake Nairobi, akalia siku nyingi kwa upweke. Safari hii alitaka mama yake awe karibu. Hakutaka zawadi wala nguo mpya, alimtaka mama.

Lakini Bi Mgeni na baridi ya Nairobi walikuwa hawapatani hata kidogo.

"Nyumbani kwenu ni baridi," alisema. "Sasa wataka kunilaza ndani ya bati?"

"Mama, gari hili halipitishi upepo," Mohdhar alijibu kwa fahari. "Nimeziba kila tundu. Hata sisimizi hapati njia."

*

Waliondoka Ijumaa mchana, Mohdhar aliporudi kutoka msikitini. Gari lilipanda barabara ya Nakuru polepole, likikohoa. Walipita Uthiru. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi kando ya barabara walikimbia nyuma yake wakipiga vigelegele. Mohdhar aliwapungia mkono kama waziri.

Jamleck Ndungu na mkewe Hannah waliwapokea langoni. Jamleck alikuwa mteja wa Mohdhar tangu zamani. Kila Januari alinunua dukani kwake nguo za shule za watoto. Alikuwa mkulima, lakini ujanani alikuwa fundi wa mawe. Alijenga nyumba nyingi za Karen, na sifa yake ilikuwa kujenga mahali pa kuota moto na dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje. Mkewe Hannah alifanya kazi katika zahanati. Alipima watoto na kuwafundisha akina mama.

"Karibuni, karibuni!" Hannah alisema. "Mama Waridi, habari ya safari? Na huyu ndiye nyanya? Nyanya, mikono yako ni baridi sana!"

"Na miguu ni zaidi, mwanangu," alisema Bi Mgeni.

Walikula mahindi ya kuchemsha na maharagwe. Waridi alimshika ng'ombe pembe. Ilikuwa jioni njema. Lakini asubuhi Bi Mgeni alitoka kitandani akitetemeka, midomo imemkauka. Aliketi ukingoni, akamwambia Zainab maneno aliyokuwa akiyaogopa.

"Mwanangu, nakupenda. Lakini mifupa yangu ni ya Mombasa. Siku nyingine kama hii sitaiweza. Jumatatu nitapanda treni nirudi kwetu."

Zainab aliketi karibu naye. "Mama, si ulisema utakaa mpaka nijifungue?"

"Nilisema. Wakati huo sikuwa nimelala Kinoo."

Zainab alimgeukia mumewe. "Si kuna jiko la chuma hapa? Liwashe."

Mohdhar alijikuna kichwa. "Lile siwezi kuliwasha. Bomba lake lilikuwa linaingiza mvua, nikaling'oa. Tundu la juu nimeliziba kwa bati na lami." Halafu akaongeza upesi, "Lakini halivuji tena!"

Zainab alimtazama mke mwenza wake kwa hasira, toka sakafuni mpaka darini. Gari likanyamaza.

*

Alasiri ya siku hiyo mambo yalionekana kutengenea. Ukungu ulikuwa umeshuka, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila kukoma. Bi Mgeni alifungua sanduku lake. Akatoa jiko dogo la makaa na kikopo cha udi. Hakuwahi kusafiri bila vitu hivyo.

"Nitaipasha moto nyumba hii kwa njia yetu," alisema. "Na itanukia."

Alilijua jiko vizuri, au hivyo alivyodhani. Alikoka makaa nje, chini ya paa la zizi. Alingoja moshi wote uishe. Alingoja mpaka makaa yakawa mekundu yote.

"Tazama, Waridi," alimfundisha mjukuu wake. "Makaa mabichi yana moshi, hayafai ndani. Haya yameiva. Hayana moshi hata chembe. Haya ndiyo salama."

Kisha akaliingiza jiko ndani ya gari. Akanyunyiza udi juu ya makaa. Akafunga mlango na madirisha yote sita, kwa sababu udi unataka chumba kilichofungwa ili uingie kwenye nguo na nywele. Palipokuwa na upenyo chini ya mlango, alipaziba kwa leso.

Muda si muda gari likawa na joto. Harufu ya udi ilijaa kila mahali. Zainab alijilaza kitandani akavuta pumzi. Alikumbuka nyumba yao ya Mombasa, sikukuu, nguo mpya, mama akiimba. Bi Mgeni alivua leso moja. Alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Sasa naweza kukaa hata miezi sita," alisema.

Zainab alifurahi mno. Kwa hiyo kichwa kilipoanza kumuuma, hakusema kitu. Moyo ulipoanza kumwenda mbio na tumbo kumchafuka, alijiambia ni mimba tu. Waridi alipiga miayo, akalala mapajani mwa bibi yake.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Hannah. "Mama Waridi! Njoo uchukue maziwa ya chai, nimemaliza kukamua."

Zainab aliinuka. Miguu ilikuwa mizito. Alifungua mlango kidogo akajipenyeza nje na kopo lake.

"Funga upesi!" Bi Mgeni alimwambia kwa sauti ya usingizi. "Udi utatoka!"

Zainab akafunga.

*

Jikoni kwa Hannah palikuwa na moshi wa kuni, lakini mlango ulikuwa wazi na upepo ulipita kati ya mbao. Zainab aliketi kwenye kigoda. Hannah alichuja maziwa huku akisimulia habari za zahanati. Nusu saa ilipita bila wao kujua. Zainab akaona jambo la ajabu. Kichwa kilikuwa kimepoa.

"Ajabu," alisema. "Nikiwa kule ndani kichwa kiliniuma kama cha kupasuka. Hapa kwenye moshi kimeacha. Mtoto huyu ananichezea."

Mkono wa Hannah ulisimama. "Kichwa kiliuma ukiwa ndani ya gari?"

"Ndiyo. Na kichefuchefu."

"Na wale wengine?"

"Waridi alipata usingizi tu. Mama naye kachoka."

"Mama Waridi, huko ndani kuna moto?"

"Moto hapana. Ni jiko tu la udi. Makaa yenyewe yameiva, hayana moshi."

Hannah aliliacha kopo likaanguka. Maziwa yakamwagika sakafuni. Alitoka mbio akimwita mumewe kwa sauti ambayo Zainab hakuwahi kuisikia: "Ndungu! Ndungu! Kuja haraka! Wanakufa kwa gari!"

Zainab alimfuata akiwa ameshika tumbo. Hakuweza kukimbia. Alimwona Hannah akivuta pumzi kwa nguvu, akaibana, akafungua mlango wote wazi. Akaingia, akatoka amembeba Waridi. Mtoto alikuwa amelegea, mkono wake ukining'inia. Jamleck na Mohdhar walitoka mbio zizini. Jamleck alifungua madirisha kutoka nje. Mohdhar alimtoa Bi Mgeni akimshika kwapani. Bi Mgeni alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akaanguka kwenye nyasi.

"Waridi!" Zainab alilia. "Waridi, mwanangu!"

Hannah alikuwa amepiga magoti kando ya mtoto. Aliweka sikio karibu na pua yake. "Anapumua. Waridi! Waridi, fungua macho! Watu wote wasogee, apate hewa!"

Manyunyu yalikuwa yakimwangukia Waridi usoni. Akakunja uso. Akakohoa, akatapika, kisha akaanza kulia. Zainab hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

"Alhamdulillahi," Mohdhar alisema. "Sasa amepona."

"Bado," alisema Hannah. "Ndungu, leta pikapu. Tunaenda hospitali, wote. Na wewe mama Waridi, kwanza wewe."

"Mimi sijambo."

"Hii sumu inaingia kwa damu. Inafikia mtoto ako kwa tumbo. Panda gari."

Hospitalini walivalishwa vifuniko vya kupumulia hewa safi ya mtungi. Daktari aliweka kijibomba cha mbao juu ya tumbo la Zainab, akainamisha sikio. Alisikiliza muda mrefu. Zainab alimtazama usoni bila kupepesa.

"Moyo unapiga vizuri," daktari alisema mwishowe. "Mmewahi. Mngechelewa kidogo, tungezungumza mengine."

*

Siku iliyofuata waliruhusiwa kurudi nyumbani mjini; gari-nyumba lilibaki Kinoo. Zainab alidhani tabu imekwisha. Lakini alipoingia chumbani alimkuta mama yake akikunja nguo na kuziweka sandukuni. Jiko dogo alikuwa amelitupa uani.

"Mama, wafanya nini?"

"Narudi Mombasa." Bi Mgeni hakuinua macho. "Si kwa sababu ya baridi. Nilikuja kulea, nikakaribia kuua. Mjukuu wangu nimemlaza mapajani, namwimbia, kumbe namzika. Usiniombe, Zainab. Siwezi kukaa."

Zainab aliketi kitandani, akalia. Mama yake pia akalia, kila mmoja upande wake wa sanduku.

Jioni hiyo Jamleck na Hannah walikuja kuwajulia hali. Walileta kabichi, viazi na maziwa mengine badala ya yale yaliyomwagika. Bi Mgeni aliwashukuru, kisha akauliza swali lililokuwa likimchoma.

"Mwanangu Hannah, nieleze. Nimefukiza udi miaka sitini. Mama yangu alifukiza, na bibi yangu. Hatukufa. Makaa yalikuwa hayana moshi, niliyaangalia kwa macho yangu. Nilikosea wapi?"

Hannah alivuta kiti karibu. "Nyanya, nyumba yenu ya Mombasa ikoje? Dari iko juu?"

"Juu sana. Na madirisha makubwa, na tundu za hewa juu ya milango."

"Basi hata ukifunga mlango, hewa inapita. Hii gari ni ndogo na imezibwa yote. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Aliomba mshumaa na gilasi kubwa. Aliwasha mshumaa mezani, akaufunika kwa gilasi. Mwali ukasimama, ukapungua, ukawa mdogo. Kisha ukazimika. Waridi alishangaa. "Nani ameupuliza?"

"Hakuna," Hannah alisema. "Moto unakula hewa kama sisi. Ikiisha, unakufa. Sasa makaa ni mabaya zaidi. Yenyewe hutoa gesi ya sumu, na hewa ikipungua yanaitoa kwa wingi. Wataalamu wanaiita kaboni monoksaidi. Wewe iite sumu ya makaa, inatosha."

"Lakini hapakuwa na moshi!"

"Hapo ndipo watu wengi hukosea, nyanya. Hiyo sumu si moshi. Haina rangi, haina harufu. Makaa mekundu ndiyo yanatoa mingi. Macho hayawezi kukuambia, na pua pia haiwezi. Pua yako ilisikia udi tu, ikafurahi."

Bi Mgeni aliitazama gilasi. "Basi mtu atajuaje?"

"Kichwa kinauma. Kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, miguu haina nguvu. Wakiwa watu wawili watatu pamoja wanaumwa hivyo, na moto uko ndani, usiseme ni malaria au mimba. Ukitoka nje unapata nafuu, hiyo ni alama kubwa. Mama Waridi aliniambia hivyo jikoni, ndiyo nikajua. Toka nje haraka, fungua kila kitu, halafu enda hospitali hata kama unajiona mzima."

Jamleck alimgeukia Mohdhar. "Na wewe, bwana, nimeangalia hiyo gari yako. Umeifunga kama mkebe ya samaki."

"Niliogopa mvua," Mohdhar alisema kwa sauti ndogo.

"Hiyo jiko ya chuma ilikuwa na dohani yake na matundu mbili ya hewa. Mwenye kuitengeneza hakuwa mjinga. Wewe umeng'oa dohani, umeziba matundu. Hata kama nyanya hangeleta makaa, siku moja wewe mwenyewe ungewasha ile jiko, na wote mngelala moja kwa moja."

Mohdhar aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda kukaa karibu na mama mkwe wake. "Mama, kosa la kwanza ni langu. Wewe uliingiza jiko mara moja. Mimi nililiziba gari mwaka mzima, tena nikajisifu."

Bi Mgeni alimtazama. Midomo yake ilitikisika. Zainab hakujua kama atalia au atacheka.

"Hata sisimizi hapati njia," alisema Bi Mgeni, akiiga sauti ya mkwewe, na wote wakacheka, Mohdhar kwa sauti kubwa kuliko wote.

Zainab aliushika mkono wa mama yake. "Usiende, mama. Tumekosa pamoja, tujifunze pamoja. Nakuhitaji."

Bi Mgeni alifikiri. Alimtazama Waridi, ambaye alikuwa akiwasha mshumaa tena ili auzime tena.

"Nataka jambo moja," alisema. "Nikiondoka leo, kila nikifumba macho nitamwona mtoto yule amelegea kwenye nyasi. Nirudisheni Kinoo. Nionyesheni gari lile likipashwa moto kwa njia ya haki. Nikilala nikaamka salama na mjukuu wangu, nitakaa."

*

Jamleck alifanya kazi wiki nzima. Alitoboa lile bati na lami, akaweka dohani mpya ya chuma iliyopanda juu ya paa. Juu yake aliweka kofia ya bati, mvua isiingie. Aliziba kwa ustadi pembeni mwa bomba tu, palipovuja zamani. Alifungua tundu moja la hewa chini karibu na mlango, na jingine juu karibu na dari. Aliyawekea wavu wa waya ili panya na ndege wasiingie.

"Haya hayazibwi," alimwambia Mohdhar. "Hata kama upepo unaingia. Huo upepo ndio uhai."

Aliweka bati ukutani nyuma ya jiko, akayasogeza mapazia mbali nalo, na kuacha ndoo ya mchanga mlangoni kwa ajili ya ajali ya moto.

Jumamosi waliwasha jiko la chuma mapema, jua halijatua. Kwanza Jamleck alichoma kitambaa kikuukuu mbele ya mlango wa jiko. Moshi ulivutwa ndani, ukatokea juu ya paa. Ndipo akaridhika. "Mkija safari nyingine, jaribuni hivi kwanza. Ndege anapenda kujenga kwa dohani. Moshi ukirudi ndani, msiwashe."

Gari likapata joto, si la haraka kama la makaa, ila joto zuri. Bi Mgeni aliketi karibu na tundu la chini. Kila mara aliweka kiganja pale ili ahakikishe hewa inaingia.

"Kabla ya kulala, moto unakufa kabisa," Hannah alieleza. "Hatulali na moto."

"Na baridi je?" Bi Mgeni aliuliza. Hili ndilo alilokuwa akilingoja.

"Kitanda ndicho kitakupa joto, nyanya. Baridi inatoka chini, si juu tu." Hannah aliinua godoro, akatandika magunia makavu na magazeti. Juu ya godoro aliweka blanketi moja, kisha mengine mawili ya kujifunika. Alijaza maji ya moto katika chupa mbili za mpira, akazikaza vizuri, akazivika soksi ili zisiunguze ngozi. Moja aliiweka miguuni, nyingine mgongoni. Walitundika pazia zito nyuma ya kiti cha dereva, kwa sababu baridi nyingi ilitoka kwenye kioo cha mbele.

Mohdhar akapata wazo. "Kwa nini nisiache injini ikinguruma? Injini ina joto."

"Acha!" Jamleck na Hannah walisema pamoja.

"Moshi wa gari una sumu ile ile," Hannah alisema. "Gari ikisimama na injini inanguruma, moshi unapita chini unaingia ndani."

"Bwana," Jamleck aliongeza, "wewe kaa mbali na mawazo. Kunywa uji."

Walikunywa uji wa moto. Bi Mgeni alivaa soksi na kofia ya sufu ya Hannah. Waridi alimwambia bibi anafanana na kuku mtetea, akafukuzwa mpaka kitandani kwa kicheko.

Asubuhi Zainab aliamka mapema. Jua lilikuwa likipenya kati ya miwati. Kichwa chake kilikuwa chepesi. Mtoto tumboni alipiga teke. Waridi alikuwa akikoroma. Zainab aligeuka kumtazama mama yake, moyo ukimdunda.

Bi Mgeni alikuwa ameketi kitandani, amevua kofia, amesukuma blanketi zote, na uso umemng'aa.

"Nani aliyeniongezea soksi?" alinung'unika. "Nimetoka jasho usiku kucha! Mwataka kunipika?"

Zainab alimkumbatia mama yake akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jumatatu treni ya Mombasa iliondoka bila Bi Mgeni. Na kuanzia siku hiyo, Zainab alimsamehe mke mwenza wake makosa mengi.

*

Mwezi wa Oktoba Zainab alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Abdalla. Mama yake alimshika mkono toka mwanzo hadi mwisho.

Zikaanza siku arobaini. Wanawake wa pwani walioishi mjini walikuja kumwona mzazi. Kwa desturi yao ya tangu zamani, mzazi huwekewa jiko la makaa chini ya kitanda, chumba hufungwa, na udi hufukizwa mpaka nguo zote zinukie. Lakini walipoingia walistaajabu. Chumbani hamkuwa na jiko. Zainab alikuwa amejifunika vizuri, na chupa ya maji ya moto ilikuwa miguuni pake, imevikwa soksi.

"Bi Mgeni!" alisema mmoja wao. "Mzazi hana moto? Jiko liko wapi?"

"Liko uani, lachemsha maji," Bi Mgeni alijibu.

"Na udi?"

"Uko huko huko uani. Nguo za mtoto nimezifukiza kwenye tenga, nje, penye upepo. Hebu zinuse."

Walizinusa. Zilinukia vizuri. Lakini yule mwanamke hakuridhika. Aliona dirisha limefunguliwa, na pazia likipepea taratibu juu ya kitanda cha Zainab na mtoto wake. Akainua mkono alifunge.

"Liache," Bi Mgeni alisema. Alikuwa tayari ameshika mshumaa na gilasi, maana kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. "Keti hapa kwanza nikuonyeshe kitu."

"Lakini Bi Mgeni, dirisha likiwa wazi harufu yote ya udi itatoka nguoni!"

Bi Mgeni alimtazama Abdalla, ambaye alikuwa amelala na kupumua polepole.

"Itoke," alisema. "Udi nitanunua mwingine."